Nilikata waridi miaka sita bila kuliona likichanua

KUNA swali ambalo mimi huulizwa karibu kila wiki na wanawake wenzangu tunaovuka nao mpaka hapa Busia, nao huliuliza kwa kicheko: "Mama, hayo maua yako yanaliwa?" Hulitupa wakipita mbele ya chumba changu mtaani Marachi, pale ambapo miwaridi mitano imesimama ndani ya mikebe ya Kasuku na beseni lililopasuka, na mmoja mkubwa umepandwa ardhini kando ya ukuta. Huwa siwajibu, kwa sababu asubuhi ya soko hakuna aliye na nafasi ya kusikiliza jibu refu. Leo nitawajibu hapa.

Kwanza nikiri kwamba mimi mwenyewe nililiuliza swali hilo zamani, tena wakati ambapo maua ndiyo yaliyokuwa yakinilipia kodi ya nyumba.

Nilizaliwa upande wa Nambale. Mwanzoni mwa 2002 binamu yangu alinichukua hadi Naivasha, akanitafutia kibarua katika shamba moja la maua kando ya ziwa, nami nikakaa huko miaka sita. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana dada, shemeji au mtoto aliyepitia kazi hiyo, kwa hivyo sitawachosha na habari za zamu na mishahara. Nitataja jambo moja tu ambalo aliye nje ya kazi ile huenda hajawahi kulifikiria.

Waridi la kuuzwa ng'ambo hukatwa likiwa bado limefumba. Tulipita kati ya mistari asubuhi na alasiri tukitafuta tumba lililofikia kiwango. Likiwa limefumba mno, halitafunguka huko liendako. Likianza kufunguka, limekwisha, na hutupwa. Likitoka mkononi mwako huingia ndoo ya maji, kisha chumba baridi, kisha meza ambapo shina hupimwa kwa sentimita, arubaini huku, hamsini kule, sitini pale. Baadaye ni boksi na lori hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na ndege ya kuelekea Uholanzi.

Hebu piga hesabu, msomaji. Kwa miaka sita nilishika mawaridi mengi kuliko nilivyowahi kushika pesa, na sikuona hata moja likichanua hadi mwisho. Yalichanua mezani pa watu nisiowajua. Wala sikuyanusa, kwa kuwa mengi ya mawaridi hayo ya biashara hayana harufu ya maana. Wataalamu walipozalisha aina zake walichagua shina refu, rangi ya kuvutia na uwezo wa kukaa siku nyingi kwenye chombo, na harufu ikapotea njiani. Ukiniuliza miaka ile waridi linanukiaje, ningekwambia linanuka dawa ya kupulizia.

Nisieleweke vibaya. Kazi ile ilinilisha na ikamsomesha mdogo wangu, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouzia Ulaya mawaridi mengi zaidi. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kufanya kazi na kitu miaka na mikaka bila kukipenda, wala kosa si lake. Nilijua kukata kwa mshazari juu ya jani lenye vijani vitano. Nilijua jicho la tawi linaloangalia nje na lile linaloangalia ndani. Mikono yangu ilijua kila kitu. Mimi nilikuwa nikiwaza basi la jioni.

Jumapili ya Januari 27, 2008, mwezi mmoja kamili baada ya uchaguzi wa Desemba 27, ghasia zilifika Naivasha. Niliyoyaona siku ile sitayasimulia. Tume ya Waki iliandika ya kutosha. Tulilala siku kadhaa katika uwanja wa polisi, kisha tukapata lori la kuja magharibi, mimi na mtoto mgongoni na mkoba mmoja. Februari 14, Siku ya Wapendanao, siku ambayo kila mwaka tulikuwa tukiitumikia kwa wiki kadhaa bila kupumua, mimi nilikuwa uani kwa mama huko Nambale nikipepeta maharagwe.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniuliza mara moja tu: "Umerudi na nini?"

Ninyi mliorudi mnalijua swali hilo. Mliorudi kutoka Eldoret na Naivasha mwaka ule. Mliovuka hadi Mulanda wilayani Tororo na wengine wenu baadaye kupelekwa Kiryandongo. Mliorudi kutoka Saudia na Oman na sanduku moja badala ya matatu. Hata wale Waganda waliokimbilia upande wetu enzi za Amin wakarejea kwao baada ya 1979. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini hawakutuonya kwamba ukifika ngamani watu watakagua mkoba wako.

Sikuwa na jibu. Nilikopa kwa chama cha wanawake nikaanza kuvuka. Nilinunua mabeseni na ndoo za plastiki upande wetu, nikaziuza Tororo, nikarudi na njugu karanga. Wakati huo kituo cha pamoja cha mpakani kilikuwa hakijajengwa (kilifunguliwa rasmi Februari 2018), kwa hivyo ulipanga foleni ya kutoka Kenya, ukatembea na mizigo yako, kisha ukapanga nyingine ya kuingia Uganda. Aliyeweza kulipa alipanda baiskeli ya boda boda, jina ambalo lilizaliwa hapahapa kwetu kabla halijaenda kuishi Nairobi na Kampala.

Mwezi Mei mwaka wa 2009 nilikuwa Tororo nikidai deni la mabeseni mawili. Mdaiwa wangu alikuwa mama mmoja mzee, mjane, aliyeishi katika nyumba ya zamani ya matofali, upande ambao ukiinua macho unauona Mwamba wa Tororo ukiwa umesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na wenzake. Nilipofika mvua ilikuwa imepiga na kukatika. Nikasimama barazani kumngoja, na hapo ikanijia harufu. Nilidhani ni sabuni. Kweli kabisa, nilidhani kuna mtu anaoga nyuma ya nyumba na sabuni ya bei.

Ilikuwa inatoka kwenye kichaka kando ya tangi la maji. Mwaridi mzee, mrefu kuliko mimi, umejisokota hovyo, nusu yake imekauka. Lakini juu yake kulikuwa na maua kama saba ya waridi hafifu, yamefunguka kabisa, petali juu ya petali hadi katikati, na katikati ya moja alikuwemo nyuki. Nilimtazama nyuki yule kwa muda mrefu. Katika miaka sita ya mahema ya plastiki sikuwa nimewahi kuona nyuki ndani ya waridi.

Mama alipotoka alinikuta nimeinama juu ya ua lake. Akacheka, akasema, "Nyabo, hata wewe?" Sikujua la kumjibu. Nikamwomba kisu. Nilipoanza kukata matawi makavu alinyamaza, nilipoanza kukata mabichi akapiga kelele: "Unaniulia mti wangu!" Nikamwambia angoje. Nilifuata jicho linaloangalia nje, nikatoa matawi yanayosuguana, nikafungua katikati ili upepo upite. Kilichobaki kilitia huruma. Niliondoka bila deni langu, na naamini aliona kwamba haki imetendeka.

Wiki saba hivi baadaye nilirudi. Sitasema mengi. Alikuwa ameweka kiti chake pale kando ya tangi, na alinipokea akiniita mwanangu.

Siku hiyo ndipo aliponisimulia mti ule ulikotoka. Mwaka wa 1972 jirani yake alikuwa mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mwezi Agosti Amin alipotangaza kwamba Waasia waondoke katika siku tisini, ambazo zilikwisha Novemba 8, mitaa ya Tororo ilijaa watu wakiuza vitanda na cherehani kwa bei ya bure. Jirani yule hakumuuzia chochote. Siku mbili kabla ya kuondoka alimletea vijiti vinne vimefungwa kwenye kitambaa kilicholowa, akamwomba amtunzie mpaka arudi. Ni maua aliyokuwa akiyatumia katika sala zake kila asubuhi.

"Mimi sikuyapenda," mama yule aliniambia. "Yalikuwa na miiba, na mbuzi wangu walikuwa wengi. Lakini nilikuwa nimesema ndiyo."

Akavimwagilia maji kwa sababu alikuwa amesema ndiyo. Akavizungushia miiba ya kuzuia mbuzi kwa sababu alikuwa amesema ndiyo. Vitatu vilikufa. Miaka ikapita, Amin akaondoka, vita vikaja na kwenda, na katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni ilipowakaribisha Waasia waliofukuzwa warudishiwe mali zao, baadhi walirejea Tororo na kufungua maduka. Jirani yule hakuwa miongoni mwao. Mama akaendelea kumwagilia. Siku gani hasa alianza kuupenda, hakuweza kunionyesha. Anakumbuka tu kwamba mwaka fulani alikwenda mazikoni mbali, akalala huko siku nne, na usiku wa tatu akajikuta anawaza kama kuna aliyeutilia maji mti ule.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wanaozungumza juu ya kilimo cha bustani kana kwamba ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Mara nyingi nasikia mtu akisema, "Mimi sina mkono wa maua." Hakuna mkono wa maua. Niliufahamu ufundi wote nisiwe na upendo hata kidogo, na mama yule alikuwa na upendo bila ufundi wowote. Yeye alikaribia kuua mwaridi wake kwa kuuonea huruma. Kinachotangulia ni kuwa na kitu kimoja kinachokungoja wewe tu, kisha kukaa nacho hadi ukione kinamaliza safari yake. Mengine hufuata. Kule Naivasha hakikuwepo hata kimoja kilichoningoja mimi.

Nilipoaga siku hiyo alinikatia vijiti vitatu akasema ni riba ya deni. Nilivitia ndani ya gunia la njugu nikavuka navyo. Nitarudi kwenye kosa hilo baadaye.

Viwili vilikufa, kimoja kwa mchwa na kingine kwa kuku. Cha tatu nilikipanda kwenye mkebe wenye mchanga nusu na udongo nusu, nikakifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, nikakiweka kivulini. Kilipotoa tumba la kwanza nilikuwa nimekwisha kupanga chumba hapa Marachi. Kila asubuhi nililitazama. Siku lilipofikia kile kiwango cha Naivasha, mkono wangu ulijiinua wenyewe. Niseme ukweli, niliogopa. Nikaurudisha mkono mfukoni nikaenda sokoni. Siku ya pili petali za nje zililegea. Siku ya tatu mwanangu, aliyekuwa na miaka mitatu, aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka: "Mama, limefunguka!" Nikakaa kitako kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza tangu Januari ile ya 2008 nikalia vizuri.

Sasa turudi kwa swali la wenzangu. Hayaliwi. Na hapa sitaki kujifanya. Mtu mwenye robo ekari na watoto watano apande mihogo, mtama na sukumawiki kwanza, na atakayemwambia apande waridi badala yake hana akili. Lakini wengi wanaoniuliza hawana hata robo ekari. Wana chumba cha futi kumi kwa kumi na hatua mbili za mchanga mbele ya mlango. Hapo hapaoti mahindi. Mkebe mmoja wa waridi haunyang'anyi mtu ugali.

Wapo wanaosema maua ni mambo ya wazungu. Hawa nawaomba washuke pwani. Mswahili wa Mombasa, Lamu na Unguja ametumia marashi ya waridi katika harusi, maulidi na mazishi kwa vizazi na vizazi, na chombo cha kuyanyunyizia kina jina lake, mrashi. Jirani yangu mmoja aliyerudi kutoka Oman alinieleza kuhusu milima ya Jabal al Akhdar, ambako wanavijiji huchuma mawaridi alfajiri mwezi Aprili kabla jua halijakausha harufu, wakayachemsha na kukusanya maji yake. Alikuwa yaya kwa miaka minne, na anachokumbuka kwa furaha kutoka miaka yote hiyo ni asubuhi mbili alizopelekwa huko na familia ya mwajiri wake. Alipoona mkebe wangu alinyamaza, kisha akaomba kijiti. Sasa anayo miwaridi mitatu, na amenishinda kwa kuipogoa.

Lakini kizuizi kikubwa hapa mpakani ni kingine kabisa. Busia ni mji ambao kila mtu anadai anapita tu. Muulize mwenye kibanda cha kubadilisha pesa, atakuambia yuko hapa kwa muda. Muulize mchuuzi wa mayai kutoka Uganda, atasema nyumbani ni Iganga. Muulize dereva wa lori, huyo ndiye mkweli peke yake. Nami nimewaona watu "wakipita" hapa kwa miaka ishirini, wamezaa, wameozesha, na mlangoni pao hapajaota hata jani. Kupanda kitu kisichoiva msimu huu ni kama kukubali kwamba umefika, na kukubali huko kunatutisha, hasa sisi tulioondolewa mahali tulipodhani tumefika.

Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa wasafiri kwa sababu ya Covid na malori ya mizigo pekee yakaruhusiwa, wapita njia wote tulibaki tumekaa. Foleni ya malori ilikuwa ndefu hadi watu wakasahau mwanzo wake. Biashara yangu ya mabeseni ilikufa kwa miezi. Katika ploti yetu tulikuwa wapangaji wanane, na kufikia Agosti watano walikuwa na kitu kwenye mkebe: dhania, kitunguu, nyanya. Mmoja, mwanamume wa mitumba mwenye sauti kubwa ambaye ndiye aliyekuwa akinicheka zaidi, alikuja usiku akaniomba kijiti cha waridi, akaniambia nisimwambie mtu. Simwambii mtu, naandika gazetini tu.

Kwa upande mwingine niwaonye mliorudi na akiba kidogo. Hamtakosa mtu wa kuwaambia kwamba Kenya inauza mawaridi, kwa hivyo jengeni hema la plastiki Busia mtajirike. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi na Tororo tuko karibu na mita 1,200. Usiku wa baridi hulikuza waridi polepole, ndipo hupata kichwa kikubwa na shina refu. Kwetu joto huliharakisha, na kichwa huwa kidogo. Ndiyo sababu Waganda walioanza kuuza mawaridi Ulaya katika miaka ya 1990 kutoka kando ya Ziwa Viktoria walishika aina zenye vichwa vidogo. Tena hawa wana maji ya uhakika, vyumba baridi na uwanja wa ndege wa Entebbe jirani. Ukiuza miche mitatu minne kwa jirani, sawa. Ukichukua mkopo wa banki, utalipa kwa machozi.

Maadui wa waridi la kwetu ni wawili tu wanaostahili kutajwa. Mchwa ni mmoja, na dawa yangu kwake ni mkebe ulioinuliwa juu ya mawe. Wa pili ni madoa meusi ya majani, ambayo hufuata mvua ndefu kama mkia. Tilia maji shinani, usimwagie juu ya majani, okota kila jani lenye madoa uchome, na usipande miwaridi imebanana. Samadi kavu ya ng'ombe, mkono mmoja kila baada ya miezi miwili. Basi. Aliyekwambia kuna siri zaidi anakuuzia kitu.

Nilisema nitarudi kwenye vijiti nilivyovusha katika gunia la njugu. Kuvusha mmea bila kibali na cheti cha afya ya mimea ni kosa kisheria, na sheria hiyo ina maana. Udongo mdogo kwenye mzizi au yai moja chini ya jani linaweza kuleta ugonjwa upande wa pili. Ulaya imekuwa ikikagua mawaridi yetu kwa ukali kwa sababu ya nondo mmoja tu. Mimi niliyefanya kazi kule Naivasha, nikakanyaga dawa ya kuua vijidudu kila asubuhi kabla ya kuingia, nilipaswa kujua. Sikufikiri. Ninalikiri hapa kwa sababu sasa linanidai.

Mama wa Tororo alifariki mwaka wa 2016. Nilikwenda kumzika. Miaka miwili baadaye wanawe waligawana uwanja, mmoja akajenga vyumba vya duka hadi barabarani, na tangi na mwaridi vikaondoka. Hakuna aliyekosea, ni ardhi yao na watoto wanataka karo. Mwaka jana mjukuu wake, binti aliyekuwa Saudia kwa miaka sita, alirudi. Akaulizwa na watu wake lile swali la mkoba. Naye akauliza lake: liko wapi ua la bibi? Mtu mmoja akamwambia kuna mwanamke wa mabeseni Busia. Alinifuata hadi hapa Marachi, akasimama mbele ya ule mwaridi wa ukutani, akaweka uso wake ndani ya ua bila kunisalimia.

Anataka mche apande kaburini kwa bibi yake. Nami nataka ampelekee. Lakini safari hii hautapita ndani ya gunia. Tumekubaliana tuanze na kibali cha kuingiza mimea kutoka wizara ya kilimo ya Uganda, kisha nipeleke mche wangu ukaguliwe na KEPHIS upande huu ili upewe cheti. Mwenye lori la maua hufanya hivyo kila siku, ana karani wa kazi hiyo. Ombi langu kwa wakuu wa pande zote mbili ni kwamba wamfikirie pia mtu mwenye mkebe mmoja. Kwa bidhaa ndogo Jumuiya ya Afrika Mashariki imetupatia utaratibu rahisi wa biashara, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, na sisi wanawake wa mpakani tumeufaidi sana. Mimea haiwezi kupita kwa cheti cha asili ya bidhaa peke yake, hilo naelewa. Lakini meza moja yenye mkaguzi, siku moja kwa wiki, pale pale mpakani, ingewafanya watu wengi waache kuficha vijiti ndani ya njugu. Wanaovifichia humo ni wengi kuliko mnavyodhani.

Kuna haraka pia. Mwenye ploti ametuarifu kwamba anataka kuongeza chumba kimoja upande wa ukuta, na ukuta huo ndio wa mwaridi wangu. Ni haki yake. Amenipa mpaka mvua za Machi ziishe, nami nimemshukuru, maana angeweza kuleta fundi kesho. Mti wa umri ule ukihamishwa wakati wa kiangazi haufiki mbali. Nitaupogoa hadi magotini, nitauchimba na udongo wake, na kaka yangu ataupeleka Nambale kwa pikipiki ndani ya beseni. Mama yangu, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri, ameshachagua mahali: karibu na dirisha, ili harufu imfikie.

Vijiti vya Tororo nimevikata tayari, sita, nikavipanda kwenye mchanga uliochemshwa. Leo asubuhi nimefungua chupa nikaona vinne vimetoa jani. Yule binti hupiga simu kila jioni kuuliza kama nimevitilia maji.